Sauti ya Muange Kwenye Foleni

Alhamisi, tarehe 25 Novemba 1999. Mvua ya vuli ilinyesha alfajiri ikakatika mapema. Baadaye jua kali, joto la kunata mwilini, na mawingu meusi yakijikusanya upande wa bara.

Siku hiyo Muasya Mutunga alinitangulia kufika ofisini, kama kawaida yake, lakini nilimkuta amesimama. Mtu yule hakuwa na desturi ya kusimama kazini. Alikuwa mbele ya kompyuta, mikono nyuma, akitazama kioo kama mwanafunzi anayetafuta jina lake kwenye matokeo yaliyobandikwa ubaoni.

"Shikamoo, mzee Rai."

"Marahaba. Mbona hukai?"

"Muange ametuma sauti," alisema.

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Msomaji itabidi nimweleze, kwa maana habari yote ya mtu huyu imo katika maneno hayo matatu.

Ofisi yetu ilikuwa Ukunda, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Aliifungua Bwana Tembo, mtu wa Kinango aliyewahi kuwa mhasibu wa hoteli, mwaka uliotangulia, wakati wageni waliopotea baada ya ghasia za 1997 walipoanza kurudi Diani kidogo kidogo. Kazi yetu ilikuwa barua pepe. Hoteli mbili kubwa, wakala mmoja wa safari na kliniki ndogo ya Munje walitufikia kwa simu zao, na watu wa mjini walipanda ngazi na kuketi kwenye kompyuta tatu tulizowawekea. Wote hao, wakishafika kwetu, walipita kwenye laini moja tu iliyokwenda Mombasa, na laini hiyo ilikuwa nyembamba. Kila mwisho wa laini palikuwa na kisanduku tulichokiita ruta. Kazi ya ruta ni kuamua kipande gani cha barua ya nani kipite sasa na kipi kingoje. Mimi nilipokea wateja na kuchapa barua zao. Muasya alitunza laini na masanduku yote mawili.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya matusi. Ruta ilikuwa na foleni moja, aliyetangulia ndiye wa kwanza. Hoteli moja ikituma picha za vyumba na mabwawa yake kwa wakala wa Ujerumani, wengine wote walikwama nyuma ya picha hizo. Kliniki ya Munje ingeandika mistari miwili kuuliza dawa fulani kama ipo Mombasa, na mistari hiyo miwili ikangojea mabwawa ya kuogelea yapite, bwawa baada ya bwawa. Simu ililia kutwa. Aliyepiga sana alikuwa Purity, msichana wa kupokea maombi ya vyumba katika hoteli ya pili. Kwao ni huko huko Kinango, ila alikuwa amezoea lugha ya watu wa bara wanaofanya kazi hotelini.

"Nyinyi watu wa Ukunda," alikuwa akisema, "hiyo laini yenu imelala ama imekufa? Kama imekufa mniambie nije na sanda."

Bwana Tembo alitoa shauri kwamba hoteli zitangulizwe daima, kwa kuwa ndizo kubwa.

"Ukizitanguliza daima," Muasya alimwambia, "na zenyewe haziishi kutuma, wengine watapita lini?"

"Wewe unatakaje?"

"Nitakuonyesha."

"Nionyeshe haraka, basi. Simu hii itaniua."

Ndipo Muasya alipotuonyesha njia aliyoisoma katika kitabu cha mafundi, foleni ya haki yenye uzito. Alituambia kwamba alipoufikia ukurasa huo alicheka peke yake ndani ya gari mpaka jirani yake akasogea. Jambo ambalo mwandishi wa kitabu alilieleza kwa hesabu za kurasa tatu, yeye alikuwa ameliona akiwa mtoto, kwenye pampu ya mama yake.

Muasya ni Mkamba wa mashamba ya makazi ya Shimba Hills. Wazazi wake walipewa shamba huko walipotoka Machakos, na ndugu wote watatu walizaliwa hapo: yeye, dada yake Munee, na Muange, kitinda mimba. Baba alifariki wakiwa wadogo. Mama yao, Kavenya, tangu kabla ya msiba huo ndiye aliyechaguliwa kushika pampu ya mkono iliyowekwa kwa ajili ya majirani, pampu moja kwa nyumba nyingi.

Mwanzoni palikuwa na mstari mmoja. Mchuuzi wa maji aliyeitwa Shutu alifika alfajiri na punda wanne na madebe yasiyohesabika, na mwanamke aliyekuja na mtungi mmoja alimngoja Shutu mpaka jua la utosi. Kavenya aliuvunja mstari ule. Kila nyumba ikawa na mstari wake, na mpini ukazunguka: nyumba hii chombo kimoja, nyumba ile chombo kimoja, Shutu chombo kimoja, halafu tena tangu mwanzo. Mwenye mtungi mmoja aliondoka katika mzunguko wa kwanza, hata kama Shutu alikuwa hapo tangu jogoo. Shutu naye hakudhulumiwa. Watu wakipungua mizunguko ilikuwa mifupi, na wakiisha kabisa alipiga mpini kadiri alivyotaka, hakuna tone lililolala bure kwa kumngoja mtu asiyekuwepo.

Siku ya pili Shutu akaja na pipa. "Chombo kimoja, mama," akasema. "Si umesema kimoja?"

"Nimesema," Kavenya akamjibu. "Na punda mmoja ana masikio mawili, lakini hatuyahesabu tukimnunua. Pima kwa debe."

Tangu siku hiyo zamu zikapimwa kwa debe, chombo chochote kile. Hatimaye aliongeza uzito. Zahanati ilipata madebe mawili kila mzunguko, nyumba yenye mgonjwa au msiba matatu. Nyumba yake mwenyewe ilipata debe moja, na ilichota ya mwisho. Hakuna aliyemwamuru hivyo. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, mwanamke, na mpini wa maji ulikuwa mkononi mwake; hakutaka siku moja aambiwe kwamba alijifungulia kisima. Watoto wake walilikuta jambo hilo nyumbani kama walivyokuta paa na kuta.

Ruta yetu basi ikawa pampu. Muasya alimpa kila mteja foleni yake, na kila foleni uzito wake. Hoteli zilipata sita kila moja, wakala wa safari tatu, kliniki nne kwa sababu ya wagonjwa. Foleni ya mwisho, yenye kompyuta za watu wa mjini pamoja na barua zetu sisi wenyewe wa ofisi, aliipa moja.

"Moja?" Bwana Tembo akashangaa. "Ofisi yangu mimi, moja?"

"Anayeshika mpini huchota mwisho."

"Sheria ya nani hiyo?"

"Ya nyumbani."

"Basi nyumbani kwenu mna koo kavu," akasema Tembo, tukacheka wote.

Lakini ilifanya kazi. Mistari miwili ya Munje ilianza kupita mara ifikapo, katikati ya picha, bila hoteli kuhisi kitu. Wenye mizigo mikubwa waliendelea kuchelewa kidogo, ila hawakusimama kabisa. Siku ambazo wengine wamenyamaza hata foleni yetu ya moja ilijipatia laini nzima na kukimbia. Purity alipiga simu mara ya mwisho akitafuta ugomvi, akaukosa. "Muasya," alisema, "leo nimewatusi bure. Barua imeshaenda kabla sijamaliza tusi."

Sasa nirudi kwa Muange. Miaka miwili kabla alikwenda India, mji wa Pune, kusomea uhandisi. Mwaka wa kwanza alipiga simu mara mbili, na mama akashuka Ukunda kumsikia. Kisha akahama bweni, simu ya huko ikawa shida, na mama akaanza kuugua. Ini, walisema madaktari, na kwa namna walivyolisema tulijua halitapona. Tangu mwezi wa nane alikuwa amelazwa Msambweni, hawezi kushuka kitandani, na wodini hakukuwa na simu ya kumfikia. Kwa hiyo Muange aliandika barua pepe, mimi nikazichapa, na Muasya akazipeleka Msambweni kila Jumapili akamsomea. Kavenya hakujua kusoma.

Hapo ndipo ulipoingia mwiba. Jumapili moja niliandamana naye. Alimsomea mama barua nzima, habari za mvua ya huko, chapati za pilipili, mwalimu mmoja mwenye hasira. Mama alisikiliza macho yakiwa juu darini. Muasya alipomaliza, alimwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie:

"Umesoma vizuri. Tangu shule ulikuwa unasoma vizuri."

"Ni maneno yake, mwaitu." Hivyo ndivyo Wakamba wamwitavyo mama.

"Sauti ni yako."

"Ndiyo, mimi ndiye msomaji."

"Barua zote zina sauti yako. Mwaka mzima sijasikia ya kwake. Mwanangu, mimi nimezika mume na ndugu. Mtu akifa mbali, wanaobaki huwa wanasoma vizuri sana."

Muasya aliapa. Alimwonyesha karatasi, jina la Muange juu yake. Mama aliigusa karatasi kwa kidole kisha akamrudishia. Kwake karatasi ile ilikuwa imetoka ofisini kwa Muasya, kwa mashine ya Muasya, na hilo lilikuwa kweli.

Jioni hiyo Muasya alimwandikia ndugu yake: tafuta mtu mwenye kompyuta ya kunasa sauti, uzungumze na mama kwa Kikamba, utume. Wiki zikapita. Mitihani, kisha mwenye kompyuta hayupo, kisha mashine mbovu. Munee, aliyekuwa akimuuguza mama, alisema mama ameacha kuuliza habari za Muange na kwamba hilo lilimtisha kuliko maumivu.

Ndiyo maana asubuhi ile alisema Muange ametuma sauti, na ndiyo maana hakuweza kukaa.

Sauti ilikuwa imefika Mombasa usiku. Sisi usiku tulizima mashine kwa kuogopa radi, kwa hiyo ilianza safari ya kuja Ukunda tulipofungua. Muange hakujua kuipunguza. Alinasa kwa ubora wote ambao mashine iliweza, na dakika zake chache za maneno zikawa mzigo mkubwa kuliko barua zetu zote za mwezi. Mzigo huo uliingia foleni ya mwisho, ile ya moja.

Asubuhi mapema ulisogea vizuri. Kisha hoteli zikaamka. Mwezi huo dunia nzima ilikuwa na hofu ya mwaka elfu mbili, kwamba kompyuta zitakosea tarehe na kuharibu kila kitu, na hoteli zote mbili zilikuwa zimeagizwa kuteremsha programu za kuzirekebisha, programu kubwa mno. Juu ya hapo, maombi ya vyumba vya Krismasi. Laini ikajaa pomoni. Muasya alipiga hesabu kwenye kipande cha karatasi.

"Alasiri itakuwa imefika," alisema. "Nitaihamishia kwenye kaseti, jioni niko Msambweni."

Alikuwa amekuja na redio-kaseti ya nyumbani na waya wake, ameviweka chini ya meza.

Munee alipiga simu kutoka kibanda cha nje ya hospitali. Nilimsikia hadi nilipokuwa, sauti yake ilikuwa juu.

"Anauliza kama umekuja."

"Mwambie sauti iko njiani. Jioni nitaileta."

"Nimemwambia. Amesema sasa hata Munee amefundishwa uongo."

Muasya alicheka kidogo, kicheko cha pua tu. Alipoweka simu Bwana Tembo alikuwa amesimama mlangoni.

"Muasya, ongeza foleni yako."

"Itafika, Bwana Tembo."

"Sikuuliza kama itafika. Laini ni yangu, mimi nakuruhusu. Weka kumi, weka ishirini, mama asikie mtoto wake."

"Wakiuliza mbona wamepungua, nitawaambia nini?"

"Waambie mama yako anakufa!"

"Nao wana mama."

"Hawafi leo," Tembo akasema, akashuka ngazi akisonya. Hakuwa amekasirika kweli. Alikuwa na huzuni na hakutaka tuione.

Nikajaribu mimi. Nikamkumbusha pampu. "Kwenu nyumba yenye mgonjwa ilipata madebe matatu. Si wewe uliyetuambia?"

"Ilipata."

"Basi?"

"Iliongezwa na mwaitu. Hakuna nyumba iliyojiongeza yenyewe."

"Na baba yako alipougua? Yeye mama akiwa ndiye mwenye mpini?"

Ruta iliwaka na kuzimika, taa zake ndogo za kijani.

"Tulichota mwisho," alisema. "Moja."

Nilimtazama mtu wa miaka thelathini na mitano akishikilia neno ambalo hakuna aliyemdai, wala wateja, wala tajiri wake, wala mama yake aliyelala Msambweni. Simu ikalia, Purity.

"Muasya, hii programu isipoingia leo bosi atanila mbichi. Niongeze kidogo!"

"Una sita kati ya ishirini, dada."

"Sita gani? Mimi naona moja hapa!"

"Wa moja ni mimi."

"Eh! Na wewe unangoja nini?"

"Kitu cha nyumbani," alisema, akamuaga kwa adabu.

Baada ya adhuhuri mawingu yale ya bara yalifika. Radi moja tu ilipiga, upande wa msitu, na stima ikakatika. Ilirudi upesi. Hoteli zikaendelea na shughuli zao. Lakini barua pepe iliyokatika njiani haiendelei pale ilipofikia. Huanza tena kutoka mwanzo. Sauti ya Muange ilikuwa imepita zaidi ya nusu. Nilimwona Muasya akitazama alama ndogo ya kioo iliyohesabu mzigo ikisimama tena kwenye sifuri, na safari hii alikaa.

Alikaa muda mrefu. Nadhani alikuwa akipiga hesabu upya na kila akiipiga ilimpa usiku.

Munee alipopiga mara ya pili hakupaza sauti, sikusikia neno. Nilimsikia Muasya tu: "Anaongea? ... Macho? ... Nakuja nayo."

Akaweka simu, akavuta kibodi. Aliandika mistari miwili, mmoja kwa ruta yetu, mmoja kwa ile ya Mombasa. Akaifuta ile moja, akaandika kumi na tano. Ilikuwa kazi fupi kuliko kufunga kamba za viatu. Alama kwenye kioo, iliyokuwa ikitambaa tangu asubuhi, ikaanza kukimbia mbele ya macho yetu.

Simu haikukawia.

"Nani amenikaba shingo?" Purity alifoka.

"Ni mimi, dada. Nisamehe. Nivumilie kidogo tu."

Labda kulikuwa na kitu katika sauti yake, maana Purity, ambaye sikuwahi kumsikia akikosa la kusema, alisema tu, "Haya, kaka," akakata.

Sauti ilifika yote kabla chai niliyomtilia haijapoa. Aliiunganisha kwenye redio kwa waya, na tukangoja kaseti izunguke kadiri maneno yalivyo marefu. Hilo halina njia ya mkato. Hakufungulia spika. Alisema mama ndiye wa kwanza kusikia.

Bwana Tembo alileta pikapu. Nilifunga ofisi nikajibana nao mbele. Muasya alipakata redio kama mtu anayepakata mtoto mwenye homa. Mvua ilitukuta Mwabungo, ikatuacha, ikatukuta tena. Tembo aliwatukana ng'ombe wawili waliolala barabarani, kisha akawaomba radhi.

Tulipoingia hospitalini adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika. Munee alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa nje, leso amejifunga kichwani, miguu imenyooshwa mbele. Alipotuona hakuinuka. Muasya alielewa kutoka mbali, kwa sababu hatua zake zilipungua, lakini aliendelea kutembea mpaka alipofika kwake.

"Lini?" aliuliza.

"Sasa hivi. Mwadhini alikuwa ameanza."

Alikaa chini kando yake, redio mapajani. Tembo na mimi tulisimama pale pale tulipokuwa, hatukujua tuweke wapi mikono. Kisha Muasya akamuuliza dada yake kama mama alisema lolote.

"Yaache," Munee akasema.

"Sema."

"Amesema wewe ni mtoto mwema." Munee alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. "Amesema umemficha kifo cha Muange mwaka mzima ili asiondoke na huzuni, umejitesa kumwandikia barua. Amesema nikuambie amekusamehe uongo huo."

Mama yao alikuwa amekwenda kumtafuta huko aendako mtoto aliye hai, na kumsamehe aliyebaki kwa kosa ambalo hakulitenda. Hapakuwa na mtu wa kumweleza.

Munee ndiye aliyebonyeza kitufe. Kijana akaanza kuzungumza kwa Kikamba, karibu sana, kama yuko nyuma ya ukuta. Mimi Kikamba sikijui. Nilishika "mwaitu", mara nyingi, na kicheko mahali fulani katikati, na mwishoni maneno ya haraka kama mtu aliyeambiwa muda umekwisha. Munee alinieleza baadaye kwamba kijana aliuliza kama mbuzi mweupe amezaa, na akasema mama asimwamini Muasya akisema nduguye amekonda, amenenepa. Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Kaseti ilikwenda mpaka mwisho na kuendelea kuzunguka tupu, na hakuna aliyeizima.

Kesho yake, Ijumaa, mbingu zilikuwa safi. Nilifungua ofisi nikidhani niko peke yangu wiki hiyo, lakini Muasya alipanda ngazi nyuma yangu, nguo zile zile za jana. Nilimpa pole, nikamwambia arudi nyumbani, kazi ningeibeba. Alisema ana jambo moja na hatakawia.

Kwanza alirudisha uzito wa foleni kama ulivyokuwa, kwenye masanduku yote mawili. Kisha akaanza kumwandikia ndugu yake. Nilikuwa nikifungua madirisha na sikukusudia kusoma, ila aliniita.

"Mzee Rai, njoo uone kama ni sawa."

Alikuwa ameandika kwamba mama amefariki jana magharibi na kwamba aliisikia sauti. Niliisoma.

"Ni sawa," nilimwambia. "Ni vizuri kijana ajue hivyo."

Aliitazama pamoja nami. Halafu akafuta sentensi ya mwisho, herufi moja baada ya nyingine kutoka nyuma, akaandika nyingine: *Sauti yako ilifika kwangu mapema lakini niliichelewesha. Hakuisikia. Ni kosa langu, si lako.* Yale ya msamaha hakuyaandika.

"Atakuchukia," nilisema.

"Labda."

Akaituma. Hoteli zote mbili zilikuwa zimekwisha amka na programu zao zinateremka, laini imejaa kama jana. Mistari ile michache iliingia foleni yetu ya mwisho na kupita hapo hapo, hata hakuona alama ikitambaa.

Alisukuma kiti ndani ya meza, akaninong'oneza kwaheri, akashuka kwenda kutafuta seremala wa kumtengenezea mama jeneza.